Yule Binti Hana Mama?

Umeme ulirudi saa mbili usiku, na mtoto wa dada yangu alikuwa ameshachomeka flashi kwenye televisheni kabla hata feni haijashika kasi. Nilikuwa nyumbani Tanga kwa wiki moja ya likizo. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, mgongo kauegemeza ukutani, anachagua mchele wa kesho yake kwenye ungo. Mama hatazami televisheni. Huwa anaisikiliza tu huku mikono yake ikifanya kazi nyingine.

Muvi ilikuwa Twilight, ile ya kwanza, ya mwaka 2008. Niliitambua kwa rangi kabla sijaona sura ya mtu: ule ubuluu wa alfajiri yenye ukungu ambao haukauki mpaka mwisho. Lakini hii haikuwa ile ninayoijua mimi. Hii ilikuwa imetafsiriwa. Sauti ya mtafsiri ilikuwa imepanda juu ya sauti za waigizaji, nzito na ya haraka kama ya mtangazaji wa mpira, anasimulia, anaonya, anamwonea huruma huyu, anamkaripia yule.

Ikafika pale Bella anaposhtuka usingizini na kumwona Edward kasimama kwenye giza la chumba chake. Anawasha taa, hakuna mtu.

Mtafsiri akasema: "Jini limeshaingia ndani. Binti kalala, hana habari."

Mama akaacha kuchagua mchele.

"Huyo ni mahaba," akasema.

Mtoto akapunguza sauti. "Hapana, Bibi. Huyu ni vampaya. Wanapendana."

"Anakuja usiku?"

"Eeh."

"Na tangu ameanza kuja, huyo binti anakula? Anakaa na wenzake?"

Mtoto akanigeukia. "Mamdogo, hebu mwambie Bibi."

Sikuwa na la kumwambia. Yote aliyouliza Mama yalikuwa ya kweli.

"Huyo binti hana mama?"

"Anaye, ila kaolewa na mwanaume mwingine, Bibi. Binti yuko kwa baba yake. Baba yake ni mkuu wa polisi."

Mama akaurudia ungo wake. "Mkuu wa polisi," akasema taratibu, "na dirisha halina nondo."

Hilo swali lake la mama sijaweza kuliondoa kichwani tangu usiku ule. Imepita miezi miwili.

Bwalo, mwaka 2010

Mimi Twilight niliiona bwaloni, Jumamosi ya burudani, nikiwa kidato cha tano na umri sawasawa na wa Bella, miaka 17. CD ilikuwa ya kukodi, imekwaruzika, iliganda mara nne, na kila ilipoganda wasichana mia na zaidi walipiga ukelele mmoja. Wiki nzima iliyofuata bweni liligawanyika. Kulikuwa na timu Edward na timu Jacob, yule kijana mwingine anayempenda Bella, na waliokuwa marafiki tangu kidato cha kwanza walinuniana kwa sababu hiyo.

Nilikuwa timu Edward. Nimejitahidi sana mwezi huu kukumbuka kwa nini, kwa sababu jibu rahisi, kwamba kijana alikuwa mzuri, halitoshi. Wazuri tuliwaona wengi kwenye makava ya CD.

Jibu nililipata niliporudi kuiangalia peke yangu Dar, bila mtafsiri. Liko kwenye maabara ya baiolojia. Wamepewa darubini na mizizi ya kitunguu, wataje hatua za mgawanyiko wa seli. Kazi wanaimaliza haraka, na kijana anaanza kuuliza. Kwa nini ulihamia huku kwenye mvua kama hupendi mvua? Mama yako kaolewa, humpendi mumewe? Anauliza kama mtu anayehitaji jibu kweli. Na kisa chenyewe kinasema anahitaji kweli: Edward anasikia mawazo ya kila mtu isipokuwa ya huyu mmoja. Kati ya watu wote ulimwenguni, Bella ndiye ambaye hana njia ya kumjua ila amuulize.

Msichana wa kidato cha tano, kwetu, anaambiwa. Anaambiwa na baba, na mwalimu wa nidhamu, na matroni, na mjomba anayelipa nusu ya ada. Mchepuo anachaguliwa. Likizo anapangiwa aende kwa nani. Simlaumu yeyote kati yao, wengi walinipenda na baadhi walijinyima kwa ajili yangu. Ila sikumbuki hata mtu mzima mmoja aliyewahi kukaa nami kwenye benchi akataka kujua nawaza nini.

Ndiyo maana tulipiga ukelele CD ilipoganda.

Mahaba

Jini mahaba sina haja ya kumweleza kwa msomaji wa Kiswahili. Hata asiyeamini anajua dalili zake, maana amezisikia zikitajwa kwenye familia yake au ya jirani. Anakuja usiku. Ana wivu. Wachumba wanatoweka, kazi haziendi, mgonjwa anapenda kukaa peke yake na hataki kuambiwa. Kwa wengine dawa yake ni kisomo na kombe, kwa wengine ni ngoma, na makanisani ni maombezi ya usiku kucha. Njia zinatofautiana. Kwamba ni ugonjwa, hakuna anayebisha.

Sasa chukua dalili hizo, moja baada ya nyingine, uziweke juu ya Bella. Mgeni anakuja usiku kupitia dirishani. Muvi yenyewe inamfanya akiri kwamba amekuwa akija miezi miwili kumtazama amelala, kabla mwenye chumba hajajua. Mgeni ni baridi kama maji ya mtungi. Anataka damu yake. Hazeeki. Marafiki wa shuleni wanafifia mpaka unawasahau majina. Binti anaanza kumdanganya baba yake. Halafu kuna suala la umri, ambalo mtoto wa dada yangu alilizusha mwenyewe kesho yake asubuhi tukinywa chai.

"Mamdogo, huyu Edward kazaliwa 1901. Kwa nini mtu wa miaka mia na saba anasoma sekondari?"

Nikamwambia kisa kinasema aligeuzwa mwaka 1918, Chicago, akiwa anakufa kwa ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, na tangu siku hiyo mwili wake umebaki wa miaka 17.

"Mwili sawa," akasema. "Na akili?"

Ana miaka kumi na mitano. Sikujiuliza hivyo nilipokuwa na umri wake wala nilipomzidi.

Kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa upande wa Mama kabisa. Nilianza kuandika makala haya nikiwa na hakika. Nilitaka kusema kwamba bibi zetu waliijua hadithi hii zamani sana na waliipa jina lake sahihi, na kwamba kilichofanyika Marekani ni kuchukua maradhi na kuyafungia ndoa. Niliandika kurasa tatu. Zilikuwa zinakwenda vizuri, na niliona fahari kuziandika.

Halafu nikamkumbuka dada.

Kombe

Ni dada yangu wa kwa mama mkubwa, amenipita miaka kumi na miwili. Nilikuwa darasa la pili alipoanza kuumwa. Ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto: dada anaumwa. Mimi nilimwona mzima, anatusuka nywele, anaimba. Ila zilikuja posa tatu na zote akazikataa, na ya tatu aliikataa mbele za watu. Nyumba nzima ikanyamaza siku kadhaa, kisha shangazi mmoja akalitaja neno.

Nakumbuka sahani nyeupe ya kauri, na maandishi ya zafarani yakiyeyuka kwenye maji ya marashi. Nakumbuka ubani. Siku saba asubuhi na jioni alikunywa, na siku saba tulizuiwa kuingia chumba kile. Mama yangu ndiye aliyeishika ile sahani. Mwaka uliofuata dada akaolewa na mposaji wa nne, na kisa hicho kikawa kinasimuliwa kwa shukrani.

Nikampigia simu. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Nilimwamkia, tukaulizana hali za watoto, shule anayofundisha, mvua. Nikamwambia kuhusu Mama na ile muvi. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikatazama kama simu imekatika.

"Unataka nikwambie nilikuwa nasingizia?" akauliza.

Nilitaka hivyo, kusema kweli. Ingekuwa rahisi. Ningeandika kwamba hakuumwa, alikuwa hawataki tu wale wanaume, na watu wakageuza kukataa kwake kuwa jini. Hiyo ni kweli kwa wasichana wengi, naamini hivyo mpaka sasa.

"Sikusingizia," akasema. "Nilikuwa namwota. Kila nikilala yupo, kakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hanigusi. Ananiuliza, leo umeshindaje? Unawaza nini? Basi. Tunaongea mpaka adhana."

Sikusema kitu.

"Wale waliokuja na posa, hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo. Walimuuliza baba mahari ni kiasi gani."

"Na baada ya kombe, dada?"

"Hakuja tena. Nililia wiki nzima. Wakadhani ni machozi ya shukrani."

Nilikata simu nikazifuta zile kurasa tatu.

Mwanamke mwingine aliyeota

Kuna jambo kuhusu Twilight linalojulikana sana na ambalo sikuwa nimelipima uzito wake. Kisa chote kilitoka ndotoni. Stephenie Meyer alikuwa mama wa nyumbani Arizona, ana watoto watatu wa kiume, wadogo. Tarehe 2 Juni 2003 aliamka na ndoto: msichana na kijana mnyonya damu, wako uwandani kwenye majani, kijana anang'aa juani, wanaongea. Anamweleza msichana jinsi anavyompenda na jinsi ilivyo vigumu kujizuia asimuue.

Wanaongea. Hilo ndilo lililonisimamisha. Ndoto mbili, ya mwanamke wa Arizona na ya msichana wa Tanga, na katika zote mbili yule asiye mtu hakuja kufanya jingine ila kuongea.

Meyer aliamka akaanza kuandika ili asiisahau. Kwa miezi mitatu hivi aliimaliza hadithi, mwaka 2005 ikawa kitabu, mwaka 2008 ikawa muvi, na hadi mwaka 2012 zilikuwa muvi tano zilizoingiza kwa jumla zaidi ya dola bilioni tatu duniani. Dada yangu aliamka akanyweshwa zafarani.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha siku mbili, kwa sababu naijua itamuumiza Mama. Naiacha ibaki. Lakini niseme pia: waliokaa na dada siku saba walikaa naye kwa mapenzi. Waliogopa kumpoteza. Mama mkubwa hakulala. Ukiamini kwamba kuna kitu kinamnyemelea mwanao usiku, utafanya nini kingine?

Macho ya nani

Muvi ya kwanza iliongozwa na mwanamke, Catherine Hardwicke, kwa bajeti ya dola milioni 37 hivi, ambazo kwa Hollywood si nyingi. Kristen Stewart alianza kuigiza akiwa na miaka 17 na akatimiza 18 wakati wanapiga picha. Wikiendi ya kwanza pale Marekani iliingiza karibu dola milioni 70, na hakuna muvi iliyoongozwa na mwanamke iliyokuwa imefungua hivyo kabla yake. Pamoja na hayo, muvi nne zilizofuata ziliongozwa na wanaume: Chris Weitz, David Slade, na Bill Condon aliyefanya mbili za mwisho. Melissa Rosenberg aliandika skripti zote tano.

Simtuhumu mtu kwa hilo. Nataka tu kusema kinachoonekana ukizitazama kwa kufuatana, kama nilivyofanya mimi. Katika ile ya kwanza kamera imekaa mahali pa msichana. Wale ndugu wa Cullen, familia ya Edward, wanapoingia kwenye bwalo la shule, wawiliwawili, Edward wa mwisho, anayetazama ni Bella na anayetazamwa ni kijana. Kamera inatikisika kama pumzi za mtu aliyekimbia. Hata maajabu yenyewe ni ya gharama ndogo, na kwa sababu hiyo yanakaa karibu na mwili: mkono uliozuia gari, mchezo wa besiboli unaosubiri radi ndipo uanze.

Msichana anayetazama. Kwenye sinema nilizokuwa nimeziona hadi mwaka ule hilo lilikuwa adimu, na bweni zima lililihisi bila mtu kuweza kulisema.

Kisha dunia ikatucheka. Watu wazima waliojiona wana akili waliikejeli muvi hii kuliko walivyowahi kukejeli muvi ya vita au ya magari yanayoruka, na waliokejeliwa hasa walikuwa wasichana walioipenda. Mwalimu mmoja alituambia tunaharibu umeme. Nilijifunza kuficha. Nilipofika chuo nilisema sijaiona. Leo najiuliza ingekuwaje kama mwalimu yule angetuuliza tunaona nini mle ndani. Pengine tungemjibu. Pengine ningejua mwaka 2010 kitu ambacho nimekijua mwaka huu.

Kiti

Kwetu mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo anapanda, anakaa, anasema kwa mdomo wa kiti. Wakati anasema, mwenye mwili hayupo.

Katika muvi ya pili, ya mwaka 2009, Edward anamwacha. Ilikuwa sherehe ya kutimiza miaka 18, Bella akajikata kidole kwa karatasi ya zawadi, tone la damu likamtia wazimu mmoja wa ndugu zake Edward. Edward anaamua mwenyewe kwamba kwa usalama wa binti ni bora aondoke. Anampeleka msituni, anamwambia hamtaki, anapotea. Kinachofuata ni kipande ninachokiona kuwa cha kweli kuliko vyote katika muvi zote tano. Bella amekaa kwenye kiti mbele ya dirisha. Kamera inamzunguka. Nje majani yanapukutika, theluji inaanguka. Jina la mwezi linatokea: Oktoba. Inazunguka tena: Novemba. Tena: Desemba. Yeye hajasogea.

Nilipokiangalia kipande hicho safari hii neno lilikuja lenyewe. Kiti.

Na hapo ndipo niliporudi upande wa Mama, kwa sababu nyingine kabisa. Yule kijana wa maabara aliyeuliza maswali hayupo tena. Huyu wa muvi ya pili haulizi. Anaamua. Ameamua aondoke, na hata atakaporudi ataendelea kuamua, siku zote kwa ajili ya usalama wake. Msichana naye amemwachia nafasi yote ndani mwake, hadi anaendesha pikipiki kwa kasi na kujirusha baharini kutoka jabalini, maana akiwa hatarini ndipo anapoiona taswira ya Edward. Mwaka wa nne, muvi ya nne, anabeba mimba inayomvunja mifupa kutoka ndani. Anafia kwenye uzazi, na anaamka akiwa mmoja wao. Macho mekundu. Damu ya binadamu imemtoka yote.

Bwaloni nilililia kiti kile kwa sababu ya mapenzi. Sasa nililia kwa sababu hakuna mtu aliyeingia chumbani akavuta kiti cha pili. Baba yake alimpenda, alisimama mlangoni, aliahidi kumrudisha kwa mama yake. Hakujua aulize nini.

Dada aliulizwa na wa ndotoni na hakuulizwa na nyumba. Bella aliulizwa mpaka alipopatikana, kisha akaacha kuulizwa.

La Push

Kuna watu wengine ambao hawakuulizwa, nami siwezi kuwapita. Jacob na wenzake wanaogeuka mbwa mwitu hawatoki kwenye kabila la kubuni. Waquileute wapo, wanaishi La Push, ufukweni mwa jimbo la Washington, mwendo mfupi kwa gari kutoka Forks, mji ambako kisa hiki kinatokea. Masimulizi yao ya asili yanasema wahenga wao walikuwa mbwa mwitu ambao K'wati, mgeuzaji wa masimulizi hayo, aliwageuza wakawa watu. Yaani safari yenyewe ilikuwa ya kuelekea utu. Kwenye muvi vijana wao wanapelekwa upande wa pili, wanavuliwa mashati na kuwa wanyama wenye hasira.

Jumba la makumbusho la Burke, Seattle, lilishirikiana na kabila kueleza kipi ni chao na kipi kimebuniwa. Wakati watalii wanamiminika kupiga picha, Waquileute walikuwa wanahangaikia jambo jingine kabisa: kijiji chao kiko chini, mdomoni mwa bahari, na kama tsunami ingekuja, shule ya watoto wakati huo ilikuwa njiani. Februari 2012 Rais Obama alisaini sheria ya kuwapa ardhi ya mlimani kutoka hifadhi ya taifa, ekari 785 hivi.

Nimetoka pwani mimi. Najua kuwa na simulizi ambazo wageni huzichukua kama viungo vya mchuzi wao.

Kukuna nazi

Nilirudi Tanga wiki mbili zilizopita, kwenye khitma. Asubuhi ya Jumapili Mama alikuwa uani, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nami naosha vikombe. Nilimweleza aliyoniambia dada. Nilikuwa nimemwomba ruhusa kwanza, akasema mwambie, mimi sikuweza.

Mama hakuacha kukuna. Alikuna kifuu kile mpaka nikasikia meno ya chuma yanagusa gamba.

"Alikuwa anaongea naye?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Sisi hatukumuuliza." Akachukua kifuu kingine, akakitazama ndani, akakiweka chini bila kukikuna. "Nilimshikia sahani. Nilimwambia kunywa, akanywa. Hakubisha."

Hakusema jingine, na mimi sikuongeza.

Usiku wake mtoto wa dada yangu alikuwa kwenye mkeka na simu. Ameshazimaliza zote tano tangu niondoke. Nilimtumia zisizotafsiriwa, lakini anasema zile za mtafsiri ni tamu zaidi maana yule anajali. Mama alikuwa na ungo wake pale pale ukutani. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Yule mtoto wa polisi," Mama akauliza, "alipona?"

Mtoto aliinua kichwa. "Aliolewa, Bibi."

"Na nani?"

"Na huyo huyo."

Mama akaweka ungo chini. "Mwenyewe alitaka?"

Mtoto alifungua mdomo haraka, akaufunga. Nilimwona anatafuta, anazirudia muvi kichwani moja moja. "Yeye alitaka ageuzwe awe kama yeye," akasema polepole. "Wasiachane tena. Ndoa aliitaka kijana. Alisema hamgeuzi mpaka waoane kwanza."

"Sijakuuliza kijana alitaka nini."

Feni ilizunguka. Nje pikipiki ilipita na mwanga wake ukaingia kati ya nondo, ukatembea ukutani, ukatoka.

"Subiri, Bibi," mtoto akasema, akasimama kuitafuta flashi. "Ngoja niirudie ile ya tatu."

Mama akainuka kwa mikono miwili, akaugeuza mkeka wake ukaelekea kwenye televisheni.